Swali Nililomtungia Kaka Yangu

Kaka yangu alinyang'anywa ngamia wake kwa sababu ya swali moja, na swali lenyewe nililitunga mimi. Nalisema mapema ili anayetaka kunihukumu aanze sasa hivi, asikae akingoja kama mtu anayengoja nyama iive. Mimi ni mzee. Shule niliishia darasa la tatu, na Kiswahili nilikiokota kwenye malori ya mifugo, katikati ya mavi ya mbuzi na matusi ya madereva.

Kazi yangu ni udalali katika soko la mifugo hapa Garissa. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa, wanabonyezana vidole kupatana bei, na mimi nasimama hapo nikiapa kwamba mnyama ana afya. Nimeapa mengi. Sasa siku moja akaja sokoni binti wa chuo kikuu kutoka Nairobi, huko ambako wazee wetu bado wanakuita Kenya, kana kwamba ukivuka daraja la Tana umevuka mpaka. Alitaka mtu anayejua Kisomali na Kiswahili, tena anayejua watu. Wenzangu wote wakaninyooshea kidole. Nadhani walitaka kupumzika na mdomo wangu.

Binti akanieleza kazi. Alikuwa anatengeneza hojaji, yaani karatasi ya maswali ambayo mtu mzima anajijibia mwenyewe, ijulikane umakini wake ukoje: kama akili inatulia kwenye jambo au inatoroka. Karatasi za namna hiyo zipo tangu zamani katika nchi za mbali, lakini ziliandikwa kwa watu wa huko. Yeye alitaka ya watu wa huku, na kabla ya kuiamini alitaka kuipima yenyewe, kama unavyoipima mizani kabla ya kumpimia mtu sukari.

Tukakodi chumba mtaani kwangu Galbet, nyuma ya duka la vitambaa. Watu wanaingia mmoja mmoja, wanasomewa swali, kisha wanaulizwa wameelewa nini. Wallahi nilicheka mwezi mzima.

"Mara ngapi unapoteza funguo zako?" binti akamsomea mzee mmoja.

"Mlango wangu ni pazia," akajibu. "Nipoteze nini?"

Akaja mama muuza miraa. Akaulizwa ni mara ngapi anamkatiza mtu kabla hajamaliza kusema.

"Nisipomkatiza," akasema, "atamaliza lini?"

Na wengine hawakutaka kabisa kutoa jibu la "kamwe". Mtu anasema, nikijigamba kwamba sijawahi kusahau, Mungu ananisikia, na kesho nasahau hata swala. Andika alhamdulillahi. Binti akasema katika tableti yake hakuna mahali pa kuandika alhamdulillahi. Ndipo tukachora vikombe vitano vya chai, kimoja kitupu, kimoja kimejaa, vingine katikati. Kitupu ni kamwe, kilichojaa ni kila siku. Mtu haapi, anaweka kidole tu. Hayo ya vikombe yalikuwa mawazo yangu, na niliyaringia.

Lakini kabla ya hao wote nilijaribiwa mimi. Maswali yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Binti akajumlisha, akatazama kioo chake, akatabasamu.

"Mzee, kama hii ingekuwa mtihani wa kutotulia, ungekuwa wa kwanza wilaya nzima."

Nikamuuliza maana yake. Akasema wako watu wanaozaliwa hivyo, akili yao inarukaruka tangu utotoni. Si uvivu. Si ujeuri. Akasema pia kwamba karatasi peke yake haitoshi kumhukumu mtu, lakini hayo sikuyasikiliza. Nilikuwa nimeshaondoka chumbani, ingawa makalio yangu bado yalikuwa kwenye kiti.

Maana nikiwa mdogo, kama miaka kumi na moja hivi, nilipoteza ngamia jike wa baba, mwenye mimba. Nilifuata ndege. Ndiyo, ndege, yule anayekuongoza kwenye asali. Asali sikuiona, na ngamia akaliwa na fisi. Baba alinichapa mara moja, akamaliza. Kaka yangu, aliyenizidi miaka saba, hakumaliza. Alichukua kengele ya mti, ile anayofungwa ngamia shingoni, akanifunga mimi, na nikaivaa msimu mzima. Kisimani wanawake waliisikia kabla hawajaniona. "Asije akapotea naye huyu," kaka alikuwa akiwaambia, wakicheka. Mwisho baba akaona ni afadhali niende mjini kwa mjomba, maana kundi haachiwi mtu asiye na macho. Kaka akabaki na ngamia wote. Mimi nikabaki na malori.

Kwa hiyo sasa unajua nilikuwa nafikiria nini binti aliposema, "Mzee, hili la funguo halifai. Tuweke nini mahali pake?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema: "Andika hivi. Jioni mifugo ikirudi, ni mara ngapi hukugundua kwamba mmoja hayupo?"

Akalirudia polepole. Akasema, "Hili ni zuri sana." Na lilikuwa zuri. Kwetu mifugo haihesabiwi, ni mkosi kuihesabu. Mwenye kundi anasimama kwenye lango la boma la miiba, ngamia wanapita, na yeye anajua kwa sura yao, kama unavyojua kwenye sahani ya pamoja ni mkono wa nani haupo. Asiyeweza hilo si mwenye kundi. Wanawe wanaweza kumwondoa langoni bila aibu, na hakuna wazee watakaowazuia. Hayo sikumwambia binti. Nilimwambia tu kwamba swali litaeleweka.

Ngoja niseme jambo la marudio, maana bila hilo hatungefika kwa kaka. Baada ya wiki mbili binti aliwaita watu wale wale wa Galbet, akawauliza maswali yale yale. Ndivyo karatasi inavyopimwa, anasema, jibu lisiyumbe sana. Lo, halikuyumba hata kidogo! Kila mtu aliweka kidole kwenye kikombe kile kile, swali kwa swali. Binti akashangaa, akaanza kunitazama vibaya, akidhani nimewafundisha. Sikuwafundisha. Ila sisi watu wa huku, tukitafuta kitambulisho, tunakalishwa mbele ya kamati, tunaulizwa babu yako nani, kisima chenu kipi, na wiki nyingine tunaulizwa tena, na ukitofautisha neno moja wewe ni mgeni, rudi Somalia. Mtu wa Garissa akiulizwa swali mara mbili anajua anatafutwa uongo. Walikuwa wamekwenda nyumbani wakakariri vikombe. Mama wa miraa alikuwa amevichora kwa mkaa ukutani.

Binti akashika kichwa. Ndipo akaamua mambo mawili: tutoke mjini twende kwa wafugaji ambao hawajazoea karatasi, na kila mtu atakayejijibia awe na mtu wa karibu atakayemjibia pia, kando, tulinganishe. Akaniuliza kama namjua mfugaji yeyote.

"Nina kaka," nikasema.

Tulikwenda na gari la kukodi, upande wa Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, nikamwonyesha dereva njia na kupotea mara mbili. Kaka alitupokea vizuri, alikuwa mtu wa kupokea. Mrefu, ndevu za hina, fimbo begani. Mkewe akatupa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mwana wao mkubwa alikuwepo naye, na yeye alinivuta kando kabla hata sijamaliza kunywa.

"Adeer," akaniambia, ndivyo tunavyomwita baba mdogo, na baba mwenyewe ni aabo, "ukame ule uliopita umetuonyesha. Nataka tuuze hawa waliobaki, tununue lori la kubeba maji. Aabo hataki kusikia. Anasema siku atakayoshindwa kuwajua langoni, ndiyo siku nitakayowachukua."

"Na anawajua?"

"Anawajua," akasema, kwa huzuni, kama mtu anayekueleza kwamba mgonjwa hajafa.

Jioni hiyo nilikwenda langoni nikasimama nyuma kidogo. Vumbi likaja, kisha shingo. Kaka amesimama na fimbo yake, na mkewe amesimama nyuma ya bega lake na kibuyu cha kukamulia, kama mtu anayengoja tu kukamua. Ngamia wanapita. Yule mama akakohoa. Akasema chini chini, kama anajisemea, "Yule wa mdomo mweupe leo amechelewa." Na kaka, kwa sauti kubwa, akawaita wachungaji: "Wa mdomo mweupe yuko wapi?" Wakakimbia kumtafuta. Mwana mkubwa aliyekuwa upande wa pili akatikisa kichwa kwa kukata tamaa.

Nilielewa papo hapo. Mimi ndiye niliyezaliwa na akili inayorukaruka, lakini dalali anajua mnyama anayeshikiliwa asimame. Kaka alikuwa amekwisha. Macho yake yalikuwa yanatazama kundi kama mtu anavyotazama mvua. Aliyekuwa mwenye kundi ni mkewe, na alikuwa akilichunga kundi na mume pamoja, kwa kikohozi.

Ningeweza kunyamaza. Nililala vizuri sana usiku ule, hilo ndilo ninaloweza kuwaambia.

Asubuhi, baada ya chai, binti akafungua tableti yake chini ya turubai. Akamsomea kaka yale maneno ya mwanzo: majibu yako ni siri, nitazungumza nawe peke yako.

"Siri?" kaka akasema. "Peke yangu, na watu wa gari?"

"Ni kwa faida yako, mzee."

"Binti yangu, hapa aliyenong'ona na gari asubuhi, jioni anaulizwa alinong'ona nini. Mimi si kachero wa mtu. Uliza hapa, wanangu wasikie, wachungaji wasikie, hata mbuzi wasikie."

Na hilo hakulitunga. Karibu na mpaka namna ile, siri na mgeni imeua watu. Binti akanitazama, nikainua mabega. Akasoma.

Kaka aliweka kidole kwenye kikombe kitupu, kitupu, kitupu. Kila akiweka, wachungaji wanaguna kwa heshima. Kisha binti akafika kwenye langu. Jioni mifugo ikirudi, ni mara ngapi hukugundua kwamba mmoja hayupo?

Kaka akacheka hadi akakohoa. "Swali hili mmelileta kwa mtu asiyehusika! Muulizeni huyu hapa." Akaninyooshea fimbo. "Huyu ndiye aliyempeleka ngamia wa baba kwa fisi kama zawadi. Mnajua tulimfunga kengele? Waryaa, simama uwaonyeshe ulivyokuwa ukitembea!"

Wakacheka wote. Wachungaji, wana, wajukuu. Dereva wetu naye, ambaye hakuelewa neno, alicheka. Hata yule mama alificha mdomo kwa mtandio. Nilikuwa na miaka sabini na ushei, na meno manne.

Binti akageuka kwangu. "Mzee, sasa wewe utamjibia kaka yako. Twende garini."

"Hapana," nikasema. "Kama yeye. Hapa."

"Mzee, tafadhali. Utaratibu—"

"Binti, unataka kumwonyesha kaka yangu kwamba mimi ndiye kachero?"

Akasita. Angeweza kufunga tableti, na nadhani alikaribia. Lakini ametoka mbali, amelipa gari, na kulikuwa na joto. Akasoma.

Maswali ya kwanza nilimjibia vizuri. Kukatiza watu, kikombe nusu, ni kweli. Kukaa bila kutulia, kitupu. Nilikuwa nampaka mafuta. Tulipofika kwenye langu, nikaweka kidole juu ya kikombe kilichojaa, nikakiacha hapo.

Hakuna aliyecheka. Mwana mkubwa akasogea.

"Adeer. Umekosea kikombe."

"Sijakosea. Muulize mama yako jioni huwa anakohoa nini."

Yule mama aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. Hakusema neno. Na kule kutosema kwake kulitosha, kila mtu akamwona. Mwana akamgeukia baba yake, na nitasema hili kwa haki yake, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Aabo, yule mtamba mwekundu, binti wa yule mwenye nundu iliyolala, leo yuko wapi?"

"Yuko malishoni na wenzake," kaka akasema. "Atakuwa wapi?"

"Sura yake ikoje siku hizi?"

"Amenenepa. Mvua imempenda."

"Aabo, huyo tulimtoa mahari. Ulimshika kamba wewe mwenyewe, ukawakabidhi wakwe."

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe akakohoa, maskini, kwa mazoea tu, lakini hapakuwa na kitu cha kusema baada ya kikohozi. Kaka akatazama wachungaji, ambao sasa walikuwa wanatazama miguu yao, kisha akanitazama mimi. Nilidhani ataniinulia fimbo. Ningependa angeiinua. Aliuliza tu, taratibu:

"Mahari ya nani?"

Nimeuza wanyama maelfu wanaokwenda kuchinjwa Nairobi na sijawahi kuona macho ya namna ile. Na je, nilihuzunika? Nitasema ukweli, maana nimebakiwa na muda mfupi wa kusema uongo. Wakati ule nilisikia raha. Ilinishuka kifuani kama maji baridi mwezi wa Ramadhani. Huzuni ilikuja baadaye, tukiwa njiani, na ilikuja ndogo.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Wazee wa ukoo waliitwa, wakamsimamisha kaka langoni jioni moja, mkewe akiwa ameketishwa mbali, pamoja na wanawake wengine. Sikuwepo. Nimeambiwa alijaribu kwa bidii. Ngamia wakauzwa, na wengine walipita sokoni kwangu, wenzangu wakawashikia vidole chini ya kitambaa. Mwana akanunua lori lake, linabeba maji vizuri, kijana hakukosea hesabu ya ukame. Na kaka wakamleta Galbet, nyumbani kwangu, yeye na mkewe. "Adeer," mwana akaniambia akishusha magodoro, "wewe ndiye unayemjua zaidi kuliko sisi wote." Alisema bila kunitazama. Sikuweza kukataa.

Miezi ikapita, binti akarudi. Ni utaratibu wao, kazi ikiisha wanarudi kuwaeleza waliowasaidia. Alikuwa na furaha. Hojaji yake ilikuwa imepimwa kwa watu wengi, mjini na vijijini, wake kwa waume, na imesimama. Maswali yaliyobaki yalikuwa yanashikana vizuri, anasema, na majibu ya mtu yanakaribiana na ya ndugu yake. Mengine yalikuwa yametolewa.

"Langu?" nikauliza. "La mifugo jioni?"

"Aa, lile." Akashusha macho. "Lile tulilitoa, mzee. Wafugaji wote waliweka kidole kwenye kikombe kitupu, na watu wa mjini hawana mifugo. Halikupima kitu."

"Lilimpima kaka yangu."

"Hapana, mzee." Na hapo alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo iliyonichoma zaidi. "Kaka yako ana ugonjwa wa kusahau, wa uzeeni. Hojaji hii si ya hilo kabisa. Hata majibu yake hatukuyatumia. Ningejua mapema, nisingemuuliza. Ilikuwa kosa langu."

Alitaka kukaa na kosa lake hapo, anywe chai nalo. Nikamwambia gari lake linangoja.

Nikaingia ndani. Kaka alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkewe anamkata kucha. Mama yule hajawahi kunisemesha tangu walipohamia. Ananiwekea chakula, anafua kikoi changu, ananipita kama mtu anavyopita nguzo. Nikasema, sijui niliwaambia wao au niliuambia ukuta, kwamba lile swali limetolewa, limeonekana halifai.

"Swali gani?" kaka akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, si kwa hilo.

"Swali gani?" akarudia. "Na kwa nini tuko mjini? Ngamia wako na nani?"

Mkewe akaweka wembe chini. Akainua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanisemesha.

"Dumaashi," akasema, maana shemeji kwa shemeji ndivyo tunavyoitana, na alilitamka kwa adabu yote. "Kaa. Mweleze. Mweleze tangu mwanzo, usiruke."

Nikakaa, nikamweleza. Kidole changu, kikombe, kikohozi, mtamba mwekundu. Kaka alisikiliza vizuri sana. Mwisho alilia, mzee mzima, huku ameshika ndevu zake, akaniuliza nilimchukia tangu lini. Nikamjibu hilo nalo.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, nikiwa uani natengeneza kiatu, nikamsikia ndani akiuliza ngamia wako na nani. Kisha sauti ya mkewe, tulivu, bila haraka:

"Dumaashi, njoo. Kaka yako anauliza."